Daktari, Mganga na Mambo Matano ya Ghaibu

Darsa ya tafsiri inapofika mwisho wa Sura Luqman, iwe Pumwani, Eastleigh au South C, kuna swali lisilokosa. Mara nyingi huja kwa kikaratasi kutoka upande wa akina mama: "Sheikh, asalaam aleikum. Aya yasema Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye yaliyomo matumboni. Mimi nilienda skani nikaambiwa nitajifungua mtoto wa kike. Huyo daktari amejuaje?" Sheikh hutabasamu, maana alikuwa akilingoja. "Dada yangu," hujibu, "daktari hakujua ghaibu. Daktari ameona." Watu hucheka kidogo, wakati wa Isha unakaribia, na swali linaishia hapo.

Jibu hilo si baya, ila limebana mambo mengi katika maneno machache. Nani aliyeamua kuwa kilichoonekana kwa mashine si ghaibu tena, yaani si jambo lililofichika? Na kama ghaibu inaweza kupungua kila kiwanda kinapotoa mashine mpya, imebaki kiasi gani? Wafasiri wa karne ya ishirini na hii yetu wamezungumza sana juu ya hilo, na hawakukubaliana. Tuanze na aya yenyewe, kwa sababu wengi wanaibishania bila kuitazama vizuri.

Ni aya ya 34, ya mwisho katika sura hiyo. Kwa maana yake, inasema: hakika ujuzi wa Saa, yaani Kiyama, uko kwa Mwenyezi Mungu, naye huteremsha mvua, na anayajua yaliyomo matumboni, wala nafsi yoyote haijui itachuma nini kesho, wala nafsi yoyote haijui itafia ardhi gani. Mambo matano. Lakini hayakujengwa kwa muundo mmoja, na wenye nahau waliliona hilo zamani. Jambo la kwanza, la Saa, Kiarabu chake kimetangulizwa kwa namna inayofunga: ujuzi huo uko kwake, si kwingine. La nne na la tano yamekanushwa waziwazi: hakuna nafsi ijuayo. Katikati, penye mvua na matumbo, hakuna kukanusha kokote. Yeye huteremsha, Yeye anajua. Aya haikusema papo hapo kwamba hakuna mwingine awezaye kujua chochote kuhusu mvua au mimba.

Kufuli limetoka katika hadithi. Bukhari, mkusanyaji mashuhuri wa hadithi, amepokea kutoka kwa Ibn Umar kuwa funguo za ghaibu ni tano, hazijui ila Mwenyezi Mungu, kisha yakatajwa hayo matano. Kwa hiyo aya ya Luqman ikaunganishwa na ile ya 59 ya Sura Al-An'am, inayosema funguo za ghaibu ziko kwake. Hata hivyo, katika mojawapo ya mapokezi hayo ya Ibn Umar kilichotajwa ni "kile ambacho matumbo hukipunguza", maneno yanayorudi kwenye Sura Ar-Ra'd, aya ya 8. Mimba inayoharibika, inayopungua, inayozidi. Mume au mke hakutajwa kwa jina katika aya ya Luqman wala katika hadithi hii. Tumeutia sisi ule mjadala wa mvulana au msichana, nadhani kwa sababu ndilo jambo la kwanza ambalo mashangazi na majirani hutaka kuambiwa.

Ila tusiwe wepesi wa kusema wafasiri wa kale hawakufikiria hivyo. Walifikiria. Mujahid, mwanafunzi wa Ibn Abbas, amenukuliwa akisimulia kuwa bedui mmoja alimwendea Mtume (S.A.W.) akamwambia: mke wangu ni mjamzito, niambie atazaa nini, nchi yetu imekauka, niambie mvua itanyesha lini, siku niliyozaliwa naijua, basi niambie nitakufa lini. Ndipo ikashuka aya hii. Mujahid hakukutana na Mtume, kwa hiyo kwa kanuni za hadithi mlolongo huo una pengo. Lakini hata kama ni kisa tu walichokuwa wakikisimulia watu wa mwanzo, kinatuonyesha aya waliielewa inajibu nini. Yule bedui hakuja kutafuta elimu ya uzazi wala ya hali ya hewa. Alimjia Mtume kama watu walivyozoea kumwendea kuhani, mtabiri wa siku hizo: fungua kitabu chako, niambie yangu. Na jibu likawa kwamba mtu huyu mliyeletewa si kuhani.

Qur'ani inamrudisha Mtume kwenye mpaka huo mara kwa mara. Aliamrishwa aseme kuwa hana hazina za Mwenyezi Mungu na kwamba haijui ghaibu (Al-An'am, aya ya 50). Aliamrishwa aseme kuwa lau angeijua ghaibu angejizidishia mema mengi na mabaya yasingemgusa (Al-A'raf, aya ya 188). Bukhari amepokea kisa cha wasichana waliokuwa wakiimba kwa dufu arusini, mmoja akaingiza ubeti kwamba "kati yetu yuko Nabii ajuaye ya kesho". Mtume akamwambia auache huo, aendelee na aliyokuwa akiyaimba. Arusi haikuvunjwa na dufu halikukatazwa. Ubeti mmoja tu ndio uliotolewa.

Kisha kuna aya inayofungua mlango kidogo. Sura Al-Jinn, aya ya 26 na 27: Yeye ni Mjuzi wa ghaibu, wala hamdhihirishii yeyote ghaibu yake ila Mtume aliyemridhia. Basi ghaibu hutolewa. Nabii Isa aliwaambia watu wanachokula na wanachoweka akiba majumbani mwao. Sura Ar-Rum ilitangaza kuwa Warumi walioshindwa watashinda katika miaka michache, na mwaka 627 mfalme wao Heraclius akawavunja Waajemi karibu na Ninawi. Ukiziweka aya hizi zote pamoja, unapata mchoro wenye pande mbili: Mungu ajuaye kwa dhati yake, na viumbe wanaojulishwa kiasi. Ugomvi wote wa baadaye ni juu ya hicho kiasi, na juu ya njia.

Walivyosema wazee kabla ya skani

Watu hudhani suala la daktari na mimba lilizuka mashine ilipoingia hospitalini. Qadhi Ibn al-Arabi wa Andalusia, aliyefariki mwaka 1148, alikwisha kulizungumza, na al-Qurtubi akamnukuu. Katika zama zake kulikuwa na matabibu waliosema chuchu ya kulia ya mjamzito ikiwa nyeusi zaidi basi mtoto ni wa kiume. Sayansi yenyewe hiyo ni ya kuchekesha, lakini hukumu yake inastahili kusomwa kwa makini. Alisema anayedai kujua yaliyomo tumboni kama anavyojua Mungu ametoka katika dini. Ama anayesema kwa mazoea na alama, bila kuifanya kuwa ni jambo la lazima, huyo hakufuru wala hakufanya ufasiki. Tazama alipouweka mpaka. Hakuuliza tabibu amepatia au amekosea. Aliuliza amejua kwa njia gani, na anadai nini kwa alichojua.

Ibn Kathir naye, katika karne ya kumi na nne, alipita njia nyingine akafika papo hapo. Kuna hadithi sahihi kwamba malaika hutumwa kwenye mimba, na mojawapo ya mapokezi ya Muslim, mkusanyaji mwingine wa hadithi, humfanya aulize: ewe Mola, mume au mke? Kwa hiyo, anasema Ibn Kathir, Mwenyezi Mungu akishaamrisha iwe mume au mke, wanajua malaika waliopewa kazi hiyo, na wanajua awatakao katika viumbe vyake. Mvua vilevile. Ghaibu ya jambo hilo ni kabla ya amri. Baada ya amri inakuwa habari, na habari huweza kumfikia mtu.

Kwa hiyo zilikuwepo funguo mbili mkononi mwa Waislamu kabla ya umeme: ya alama na ya amri. Kinachonishangaza ni jinsi zilivyosahauliwa, hata skani ilipokuja wahubiri wengi wakashtuka kama waliovamiwa.

Kutoka Cairo hadi Mombasa hadi Nairobi

Muhammad Abduh (1849–1905) na mwanafunzi wake Rashid Rida (1865–1935) waliandika wakati meli, simu ya waya na darubini vimekwishaingia Misri. Shida yao haikuwa mimba. Ilikuwa namna Mwislamu aliyesoma atakavyoamini malaika, majini na Akhera bila kuonekana mshirikina. Katika tafsiri ya Al-Manar, kwenye Sura Al-An'am, Rida aliigawa ghaibu mafungu mawili. Kuna ghaibu ya kweli kabisa, iliyofichika kwa viumbe wote, hata malaika. Na kuna ghaibu ya kulinganisha, iliyofichika kwa huyu na kudhihiri kwa yule. Kinachoendelea sasa hivi Kisumu ni ghaibu kwangu nikiwa Nairobi. Kwa mkazi wa Kisumu si ghaibu. Mgawanyo huo haukuwa mpya kabisa, maana Ibn Taymiyya alikuwa na unaofanana nao. Kilichokuwa kipya ni matumizi. Fungu la pili likawa uwanja wa elimu, ambamo mwanadamu anaruhusiwa kuingia na taa yake, na dini haidhuriki.

Mawazo hayo yalifika pwani yetu mapema. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa (1891–1947), aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya mwaka 1937, alikuwa msomaji wa Al-Manar, na magazeti yake ya Sahifa na Al-Islah, aliyoyatoa miaka ya 1930 na 1932, yalibeba roho ile ile ya kuwahimiza Waislamu wasome na waache ushirikina. Baadaye Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy alikamilisha tafsiri yake ya Kiswahili, iliyochapishwa Nairobi na Islamic Foundation mwaka 1969, na hapo mjadala ukatoka kwa wanavyuoni ukaingia sebuleni. Mtu asiyejua Kiarabu aliweza kufungua Luqman 34 mwenyewe na kuuliza. Mwaka 1995 ikaja tarjama ya Ali Muhsin al-Barwani, iliyotokana na Al-Muntakhab ya Misri, tafsiri yenye maelezo mengi ya kisayansi pembeni mwa aya. Vijana wengi wa Nairobi wanaoniambia kuwa Qur'ani ilitaja hiki na kile kabla ya Wazungu, ukiwachimba kidogo utakuta chanzo chao ni huko au ni video zilizotoka kwenye mkondo huo.

Basi turudi kwenye mimba, kwa kuwa hapa ndipo fundo lilipo.

Ndani ya chumba cha skani katika zahanati yoyote ya mtaa wa Eastleigh, mama amelala, tumbo limepakwa jeli baridi, mtaalamu anasogeza kifaa huku macho yako kwenye kioo. Kinachotokea ni mwangwi. Mawimbi ya sauti yasiyosikika na sikio yanaingia, yanagonga mifupa na nyama, yanarudi, na kompyuta inayageuza kuwa picha ya kijivu. Kwenye wiki ya 18 hadi 20 hivi mtaalamu akiona sehemu fulani atasema ni mvulana, na akishindwa atasema mtoto amebana miguu, rudi tena. Mara nyingine hukosea, na nguo zilizonunuliwa hurudishwa dukani. Hiki ndicho alichomaanisha sheikh wetu kwa "ameona".

Sheikh Muhammad ibn Uthaymin wa Saudia (1929–2001) alilieleza hilo vizuri kuliko wengi. Mtoto kabla ya kuumbwa ni ghaibu. Akishaumbwa, amekuwa katika ulimwengu unaoshuhudiwa, ila amefunikwa na giza tatu zinazotajwa katika Sura Az-Zumar, aya ya 6. Giza likipenywa, ataonekana, na hakuna ajabu ikiwa Mwenyezi Mungu ameumba mionzi yenye nguvu ya kulipenya. Tumbo linakuwa pazia, na aliye nyuma ya pazia hajawa ghaibu kwa sababu ya kitambaa.

Sheikh Muhammad Mutawalli al-Sha'rawi wa Misri (1911–1998), ambaye tafsiri yake ya televisheni ilisikilizwa hata na wasiojua Kiarabu vizuri, alikwenda njia nyingine. Yaliyomo matumboni, alifundisha, si mume au mke peke yake. Ni riziki yake, umri wake, akili yake, wema wake au uovu wake. Daktari amejua tone, bahari imebaki. Jibu hili ndilo linalopendwa zaidi kwenye mimbari za Nairobi, na ninaelewa kwa nini: linasikika vizuri, na haliwezi kushindwa.

Hapo ndipo wasiwasi wangu ulipo. Jibu lisiloweza kushindwa ni jibu linalorudi nyuma daima. Zamani lilisema jinsia haijulikani. Mashine ikaja, likarudi hatua: inajulikana baada ya miezi minne. Mwaka 1997 Dennis Lo na wenzake walionyesha kuwa chembe za urithi za mtoto huelea katika damu ya mama, na leo sindano moja ya mkononi kwenye wiki ya kumi hivi hutoa habari hiyo. Likarudi tena. Katika maabara za kutunga mimba nje ya mwili, kiinitete cha siku tano huweza kuchunguzwa kabla hata hakijaingizwa tumboni. Kitaalamu, jinsia yake imejulikana na tumbo bado halina kitu. Na vipimo vya urithi vimeanza kugusa hata yale ya Sha'rawi, kwa mfano baadhi ya maradhi atakayozaliwa nayo mtoto. Anayejitetea kwa kurudi nyuma hatua moja moja, siku moja atajikuta ukutani.

Hata mpaka wa Ibn Uthaymin una kazi ya kufanya hapa. "Kabla ya kuumbwa" ni lini? Ukisema ni kabla ya mbegu na yai kukutana, maabara haikukugusa, kwa kuwa kabla ya hapo hakuna wa kupimwa. Ukisema ni kabla ya malaika kuja, ambaye katika mapokezi ya Muslim hutajwa baada ya siku arubaini na mbili hivi, umeiweka hadithi mbele ya kipimo cha siku ya tano, na utalazimika kueleza. Wako wanaoeleza kuwa malaika huja kuandika na kutia sura, si kuanzisha jinsia. Inawezekana. Mimi naona ufunguo wa Ibn al-Arabi unafungua bila kuvunja kitu: aliyetazama chembe chini ya darubini amejua kwa alama, ana njia unayoweza kuikagua, anaweza kukosea na akakubali kuwa amekosea. Hajadai kujua kama Mungu anavyojua. Idadi ya siku haibadilishi lolote.

Mvua ni nyepesi zaidi, na kwa Nairobi haina haja ya falsafa ndefu. Ofisi ya hali ya hewa iko Dagoretti Corner, kwenye barabara ya Ngong, na kazi yake ni kusoma joto la bahari, upepo na mawingu kisha kusema uwezekano. Mwaka 2023 wataalamu walitahadharisha kuhusu El Niño, mwezi Oktoba serikali ikawatuliza wananchi kuwa haitakuwa kama ilivyohofiwa, na Novemba mafuriko yakabomoa barabara na madaraja. Aprili 2024 Mathare na Mukuru zikazama. Aliyeishi miezi ile hahitaji kuthibitishiwa kuwa utabiri si ghaibu. Hadithi inayohusu jambo hili ni ya Hudaybiya: baada ya usiku wa mvua Mtume aliwaambia Masahaba kuwa anayesema tumenyeshewa kwa fadhila za Mungu amemwamini, na anayesema tumenyeshewa kwa nyota fulani amemkufuru Mungu na kuiamini nyota. Imam Shafi'i akaeleza kwamba anayekusudia wakati tu, si kwamba nyota ndiyo mtendaji, hana neno. Sisi tunaosema mvua za masika na mvua za vuli tumo katika ruhusa hiyo bila kujua.

Bango kwenye nguzo

Sasa njoo barabarani. Kwenye nguzo za umeme za Jogoo Road, kwenye kuta za stendi za matatu, kuna vibao vya mbao na karatasi: mganga kutoka Tanga, mganga kutoka Malindi, anarudisha mpenzi, anashinda kesi, anakwambia aliyekuroga kabla hujafungua mdomo. Nambari ya simu chini. Wengine hujiita Sheikh, wengine Daktari, wengine vyote viwili. Wateja wao ni Waislamu na Wakristo, na wenye madaraka huenda usiku.

Huku mitaani watu hudhani tofauti ya mganga na daktari ni kwamba mganga ni mwongo. Hadithi hazikusema hivyo. Bibi Aisha amepokea kuwa watu walimwambia Mtume: makuhani wakati mwingine hutuambia jambo likawa kweli. Hakukanusha. Alisema hilo ni neno la kweli alilolinyakua jini, akalitia sikioni mwa rafiki yake, nao wakalichanganya na uongo mia. Qur'ani kwa upande wake inawavua majini madai hayo: Nabii Suleiman alikufa akiwa ameegemea fimbo, nao wakaendelea kutumika hadi mdudu alipoila fimbo akaanguka, lau wangeijua ghaibu wasingekaa katika adhabu ile (Saba', aya ya 14). Basi mganga huweza kupatia, na bado ni haramu kumwendea. Muslim amepokea kuwa anayemwendea mpiga ramli akamuuliza, swala yake haikubaliwi siku arubaini. Na daktari huweza kukosea, na bado ni halali kumwendea.

Hilo likikukaa, nusu ya mkanganyiko imeisha. Kosa la mganga ni njia yake: amejiwekea mlango wa siri kwa Mungu au kwa majini, hakuna anayeruhusiwa kuukagua, na kila akikosea mwenye makosa ni mteja aliyevunja sharti.

Wapiga ramli wenye elimu hawatakubali hivi hivi. Watakwambia ramli ni ya Nabii Idris, na watakutolea hadithi iliyo kweli katika Sahihi Muslim: Mtume aliulizwa juu ya watu wanaochora mistari, akasema kulikuwa na nabii akichora, basi atakayelingana na mchoro wake ndiyo hiyo. Al-Nawawi, aliyeisherehesha Sahihi Muslim, aliijibu hoja hiyo zamani. Ruhusa imefungwa na sharti la kulingana, na hakuna mwenye njia ya kujua kama amelingana, basi haijuzu. Ni jibu zuri kwa sababu linarudi kwenye swali lilelile: unajuaje kuwa unajua?

Lakini swali hilo ukiliachia, halitabaki kwa mganga peke yake. Litaingia msikitini. Tantawi Jawhari (1870–1940) aliandika tafsiri ya mijalada zaidi ya ishirini akijaza elimu za wadudu, nyota na mimea kwenye aya. Abduh mwenyewe, akieleza Sura Al-Fil, inayosimulia ndege waliolitupia mawe jeshi la tembo, aliona inawezekana ndege wale ni aina ya mbu au inzi waliobeba vijidudu vya maradhi, na Sayyid Qutb baadaye akamkosoa kwa kuiogopa miujiza kupita kiasi. Rida aliruhusu kuwa vijidudu vinaweza kuhesabiwa katika aina za majini. Nia ilikuwa njema. Matokeo yake ni kwamba ghaibu ilianza kusomwa kama fumbo ambalo ufunguo wake uko kwenye gazeti la sayansi la mwezi huu, na mfasiri akawa ndiye mwenye ufunguo.

Mwisho wa njia hiyo ulionekana kwa Rashad Khalifa, mwanakemia wa Misri aliyeishi Marekani. Mwaka 1974 alitangaza kuwa Qur'ani imejengwa juu ya namba 19, na Waislamu wengi wakamshangilia, mihadhara ikafanywa, vitabu vikatafsiriwa. Kisha hesabu zikamfikisha alikofika: akautaja mwaka wa mwisho wa dunia, 2280. Jambo la kwanza katika yale matano, lile lililofungwa na Kiarabu chenyewe, likafunguliwa kwa kikokotoo. Akadai na utume pia, na mwaka 1990 akauawa Tucson. Bassam Jarrar wa Palestina aliitumia namba hiyohiyo kuutaja mwaka 2022 kuwa mwisho wa dola ya Israeli, ingawa alitahadharisha kuwa si utabiri, mwaka ukapita. Wale wanaomcheka mama aliyekwenda kupigiwa bao Kariobangi, wengi walisambaza video hizo kwenye makundi ya WhatsApp.

Kuna tofauti moja ya kweli ambayo haitamalizwa na kigezo hiki cha njia ya kujua, nayo ni kuhusu Mtume na mawalii. Msikiti wa Jamia katikati ya jiji ulijengwa kati ya 1925 na 1933 na Waislamu ambao wengi asili yao ni Punjab, na pamoja nao ulikuja mjadala wa Bara Hindi. Ahmad Raza Khan wa Bareilly (1856–1921) alishikilia kuwa Mtume alipewa ujuzi mpana wa yaliyokuwa na yatakayokuwa, kwa kupewa, si kwa dhati. Wanavyuoni wa Deoband, chuo cha huko huko Bara Hindi, wakaona kumwita Mtume mjuzi wa ghaibu ni kuvuka mpaka, hata ukiongeza "kwa kupewa". Wakakumbusha mkufu wa Bibi Aisha uliopotea safarini, jeshi zima likasimama kuutafuta, na ukaja kuonekana chini ya ngamia wake. Mashia nao, kama alivyoeleza Tabataba'i (1904–1981), huuona ujuzi wa Maimamu kuwa ni wa kufundishwa na Mungu, kwa hiyo haugongani na aya. Wasufi hutaja Khidhri, mja aliyefundishwa elimu na Mungu, na mama yake Musa, ambaye hakuwa nabii na bado aliletewa ilhamu. Pande zote hizi zinakubaliana kuwa ujuzi wa dhati ni wa Mungu. Wanagombania kilichotolewa, kimetolewa kwa nani, na adabu ya kukisema. Atakayekwambia upande mmoja ni washirikina na mwingine wanamchukia Mtume amekurahisishia jambo lisilokuwa rahisi.

Limebaki la nne: nafsi haijui itachuma nini kesho. Juzi kijana mmoja anayeandika programu za kompyuta kule Kilimani aliniuliza kuhusu mikopo ya simu. Mfumo wao husoma miamala ya mtu, muda anaonunua salio, mara anazochelewa kulipa, kisha hutoa alama, na kwa alama hiyo humkopesha elfu mbili au humnyima. "Mzee, si ndiyo tunasema atachuma nini kesho?" Nikamwambia hapana. Mfumo haumjui huyo Juma wala kesho yake. Unawajua maelfu waliofanana naye jana, na unabahatisha kwa hesabu. Ni chuchu ya kulia ya Ibn al-Arabi, imewekewa umeme. Juma huyo anaweza kupata kazi asubuhi akalipa yote, au akafa Rongai jioni, jambo la tano, na mfumo utaendelea kumtumia ujumbe wa kumdai.

Kwa hiyo kwenye ghaibu kijana yuko salama. Akafurahi, akauliza kama basi anaweza kuendelea na kazi. Nikamwambia kazi hiyo ina shida nyingine, ile ya asilimia wanayoongeza juu ya mkopo, na hiyo aende akamuulize sheikh wake bila kutaja Sura Luqman.